Mikono Mipana ya Gomesi

Fundi cherehani hugusa watu kuliko daktari. Daktari humgusa anayeumwa tu. Kwangu huja wazima, wananyoosha mikono, nami nawazungushia futi kifuani, kiunoni na mkononi huku wakinisimulia ya nyumbani kwao. Ni zaidi ya miaka ishirini nimeketi na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Bukoba, na vidole vyangu vinajua mambo ambayo hata padre hajaungamiwa. Najua nani amenenepa na hataki kukubali. Najua nani ana mimba kabla mumewe hajaambiwa. Na kwa miaka hii ya karibuni najua pia nani ana vijiti.

Vijiti ninavyosema si vya kuni. Ni vile vya uzazi wa mpango, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Wauguzi huviita vipandikizi. Sisi tunaviita vijiti kwa sababu ndivyo vilivyo: vyembamba, vinapinda kidogo ukivibonyeza, urefu wake kama njiti ya kiberiti. Ukimpima mwanamke mzunguko wa mkono ili umkatie gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa kwetu, kidole gumba kinachoshikilia futi kinatua palepale vilipo. Huwezi kuvikosa. Nami, nikiri tu, sikutaka kuvikosa.

Kilichonifundisha kuvitambua ni mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimezaa wanne, wa mwisho nusura aondoke na mimi, na siku niliyokwenda kuwekewa nilimchosha muuguzi kwa maswali. Nilitaka kujua dawa inatokaje mle ndani. Nilitaka kujua kama vinaweza kusafiri hadi moyoni, na kama nikijitwika mkungu wa ndizi vitakatika. Alinijibu yote bila kununa: dawa hutoka kidogo kidogo, moyoni haviendi, na mkungu nitajitwika kidonda kikishapona. Akaniambia pia kwamba hedhi inaweza kuvurugika, ikaja ovyo au isije kabisa, na nikiona jambo la kunitia wasiwasi nirudi kwake. Kisha akaniuliza nataka vipi. Kipo kijiti kimoja, cha miaka mitatu. Vipo viwili, vya miaka mitano. Nikachukua viwili. Mimi ni mtu wa kuacha akiba kwenye pindo.

Alipoanza kazi niligeuza shingo nitazame.

"Wenzio huangalia ukutani, mama," akasema.

Ukutani kulikuwa na nini? Alinichoma sindano ya ganzi, akafungua tundu dogo, akavisukuma ndani kimoja baada ya kingine, nami nikacheka kwa sauti. Ndivyo ninavyoingiza lastiki kwenye kiuno cha sketi: unafungua tundu, unasukuma, unapapasa kwa juu kuona kama imelala sawa. Nikamwambia hivyo. Naye akacheka, akanishika kidole, akakiweka juu ya ngozi yangu. "Papasa mwenyewe, fundi. Vimelala sawa?" Vilikuwa vimelala sawa.

Tangu hapo mikono ya wateja ikaanza kuniletea habari. Mwalimu wa shule ya msingi: viwili. Mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, mpole kuliko wote: kimoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipaza sauti palepale barazani kwamba vijiti vinaharibu kizazi: viwili, tena akanyanyua mkono kwa madaha. Jioni nilirudi nyumbani Ijuganyondo, nikawa namenya ndizi na kucheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kama nimepitia pombe ya rubisi mahali. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiwekea sheria kwamba kilichoguswa na kidole hakipandi mdomoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilijiona ndiyo kata yenyewe. Niliionea fahari sheria ile, na ndiyo iliyoniponza.

Walikuja wawili, Jumamosi moja ya mwezi wa sita: mama mtu mzima na mkamwana wake, kutoka Muleba, upande wa Rubya. Mama alikuwa mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuanzisha nyimbo kanisani. Mkamwana alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, na alipiga goti kunisalimia hadi nikaona haya, maana tulikuwa kando ya barabara na watu wanapita. Kitambaa walikuwa wameshanunua ndani, kwa mwenye duka, bibi wa Kihindi ambaye ndugu zake karibu wote wameshahama mji huu, naye amebaki akizungumza Kihaya kunizidi mimi.

"Fundi, tushonee gomesi mbili za kufanana," mama akasema. "Tuna harusi ya ukoo. Nataka wamwone huyu wajue ana mama, si mama mkwe."

Nilimpenda kwa neno lile. Nikampima yeye kwanza, kisha nikamgeukia mkamwana, na mama hakunyamaza.

"Ni mwaka wa pili yuko kwetu. Mtoto mzuri, waitu. Analima, anapika, hana mdomo. Ila Mungu hajatukumbuka."

"Atawakumbuka," nikasema.

"Tunasali. Na majani tunachemsha. Kuna mama mmoja kule kwetu ana mizizi yake, chungu! Huyu anakunywa asubuhi na jioni, hakatai."

Wakati huo futi ilikuwa imeuzunguka mkono wa kushoto wa mkamwana, na kidole changu gumba kilikuwa kimetua. Viwili. Vimelala sambamba, vimenyooka.

Nikamtazama usoni. Akatazama chini. Maawe, nikasema moyoni, kasichana haka! Kanakunywa mizizi asubuhi na jioni, kanapiga goti, na mkononi kamejifungia mlango. Sikumlaumu hata kidogo. Nilijua wanawake wenye sababu zao, na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nikamkonyeza. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiyejua anachekewa nini, lakini mimi nililisoma nilivyotaka kulisoma.

Nilipofika kwenye kukata mikono ya gomesi yake nikaongeza upana wa vidole viwili kila upande. Nilikuwa na hesabu yangu. Kwetu watu wakisalimiana kwa furaha hukumbatiana na kushikana juu ya viwiko, na huyo binti harusini angeshikwa na ukoo mzima, mashangazi kwa mawifi. Mkono wa nguo ukiwa mpana, kitambaa kinajikunja katikati, vidole vya mtu havifiki. Sikuwa nimeombwa. Niliishona gomesi ile kwa mapenzi, na usiku ule nililala nimeridhika na nafsi yangu.

Walirudi mwanzoni mwa Desemba, kabla wenye watoto Dar hawajaanza kupokea wageni wao wa Krismasi. Safari hii walitaka magauni ya kitenge ya kuvaa kanisani. Nilipompima mkamwana kiuno nikadhani nimekosea, nikapima tena. Alikuwa amepungua inchi tatu. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko mwezi wa sita, na alinukia mizizi.

Mama akanisogelea, na sauti yake ya kwaya akaishusha.

"Krismasi wote watakuwa nyumbani. Wazee wanasema watakaa kikao. Mwanangu hataki kusikia, lakini yeye ni mmoja na wao ni wengi. Wanasema pengine huyu arudi kwao, apumzike kwanza."

Kila mtu wa huku anajua maana ya kurudi kwenu kupumzika. Unapewa mkungu wa ndizi na mtu wa kukusindikiza, na baada ya hapo hakuna anayekuja kukuchukua. Mama mwenyewe alijua, maana alipomaliza kusema alipangusa macho kwa ncha ya kanga.

Hapo nikamkasirikia binti. Nilimpima mkono nikiwa nimekunja uso, na vijiti bado vilikuwapo, viwili, vimetulia. Unang'ang'ania nini, nilimwambia kimoyomoyo. Kama humtaki mwanaume si uondoke kwa miguu yako, kuliko kumliza mama wa watu? Lakini mdomo niliufunga. Sheria ni sheria.

Mama akaingia mlangoni mwa duka kubishana na bibi wa Kihindi juu ya kitenge kilichokuwa juu kabisa ya rafu. Mkamwana akaniinamia.

"Mama, ile gomesi yangu ilibaki kitambaa?"

"Kidogo. Vipande vipande."

"Usivitupe. Nitakuja unishonee nguo ya mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu," akanong'ona. "Akija."

Mkono wangu ukasimama na futi yake. Mtu hudanganya wanaomhusu. Mimi nilimhusu nini? Mama mkwe wake hakusikia, mumewe yuko Muleba, hapakuwa na faida yoyote ya kuniigizia mimi fundi wa barazani. Na alivyolitamka lile neno, akija, aliangalia kando kama mtu aliyeomba kitu kikubwa mno. Nikaanza kuona kwamba tangu mwezi wa sita nilikuwa nasoma kitabu changu mwenyewe nikidhani ni chake.

"Mama!" nikapaza sauti kuelekea dukani. "Vifungo vimeniishia. Hebu nichagulie sita humo ndani, vinavyofanana na hili ua jekundu. Usiharakishe." Vifungo nilikuwa navyo kopo zima, miguuni pangu.

Nikamshika binti mkono palepale.

"Mwanangu, hivi vijiti vyako unavijua?"

"Hivi?" Akajigusa bila woga wowote. "Vimeshakwisha, mama. Niliwekewa nilipokuwa chuoni, hapahapa Bukoba. Walikuja wauguzi kutoa huduma, tukapanga foleni. Miaka mitatu imeshapita na zaidi. Vimeyeyuka, haya yaliyobaki ni maganda."

"Nani alikwambia vinayeyuka?"

"Wenzangu chuoni. Si kama ule uzi wanaoshonea watu hospitali? Nao unayeyuka wenyewe."

"Na hiyo miaka mitatu?"

"Kadi ya mwenzangu wa chumbani iliandikwa hivyo. Tuliwekewa siku moja. Ya kwangu niliipoteza."

"Mwenzako alikuwa na vingapi?"

"Kimoja."

"Na wewe?"

Akapapasa. Nadhani alikuwa hajawahi kuvihesabu kwa nia ya kuhesabu. "Viwili," akasema.

"Viwili ni miaka mitano, mwanangu. Sasa ni wa ngapi?"

Akakunja vidole polepole, kimoja, kingine, akafika cha nne, akasimama hapo. Hakulia. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo ile mizizi yote..." akasema, hakumaliza.

Kisha hofu ikaja, nikaiona inakuja. Hakuna aliyejua kwao. Mumewe alimkuta ameshamaliza chuo, binti hakuulizwa, hakusema, na yeye mwenyewe alishaviweka katika hesabu ya mambo yaliyokwisha. "Watasema nilikuwa mtu gani huko chuoni," akanong'ona. Nikamwambia aje Jumanne, tutakwenda kwanza kwa anayejua, mengine yatafuata. Mama akatoka na vifungo sita vya kijani.

Jumanne alishuka kwenye basi la Muleba peke yake. Nilifunika cherehani, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi alimpapasa, akatikisa kichwa kwa upole. Haviyeyuki, akasema. Hata muda wake ukiisha, ni lazima mtu aje avitoe, haviendi popote. Binti akauliza kama amejiharibu. Muuguzi akasema hapana, hakuna kilichoharibika, vikitoka uwezo wa kushika mimba hurudi, kwa wengi mapema tu. Hakumwahidi mwezi. Alimwambia kwamba kinachomzuia sasa ni hiki, na leo kinaondoka, na akiona kimya kirefu arudi waangalie mengine, yeye na mumewe.

Wakati wa kutoa, binti aligeuza shingo kutazama. Muuguzi mwingine, mwaka mwingine, lakini maneno yaleyale: wenzio huangalia ukutani. Hakuangalia ukutani. Vilipolazwa juu ya kipande cha shashi, vyeupe, vizima kabisa, aliinama karibu sana.

"Kumbe ni vidogo hivi," akasema.

Nje, mkono wake ukiwa na bandeji, tulitembea hatua chache. Kisha akasimama.

"Mama, wewe ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumdanganya.

"Siku ya kwanza," nikasema. "Nilipokupima gomesi."

"Mwezi wa sita."

"Ndiyo."

"Ukanikonyeza."

"Nilidhani unawaficha. Nikakusaidia kuficha."

Hakupandisha sauti, ningefurahi kama angepandisha.

"Ungeniuliza tu," akasema.

Akageuka akaenda kupanda basi, hakuaga. Kwetu kuondoka bila kuaga ni tusi, na mimi nililistahili. Nilirudi barazani nikakaa mbele ya cherehani bila kuifunua. Nilikuwa nikijisifu kwa udadisi maisha yangu yote. Juu ya vijiti niliuliza kila swali: vinapita wapi, vinatoa nini, vinakatika au havikatiki. Juu ya binti mwenye navyo sikuuliza hata moja, nikajijibia yote mwenyewe. Miezi sita ya mizizi na machozi nilikuwa nimeikalia chini ya kidole gumba, nikiiita heshima. Niliona aibu, na hadi leo nikiikumbuka siku ile uso unapata joto.

Krismasi ikapita. Namba ya simu ya mama mkwe nilikuwa nayo kwenye daftari la vipimo, lakini ningempigia kwa uso gani, na niseme nini ambacho si changu kusema? Magauni ya kitenge alikuja kuyachukua mtu mwingine, jirani yao, mwenye haraka. Vile vipande vya gomesi nikavikunja nikavitia kwenye kopo la biskuti, juu ya vifungo.

Sheria yangu niliivunja tangu siku ile. Sasa nikimpima mwanamke nikaguswa na kijiti, ninauliza, polepole, mdomo karibu na sikio: vyako vina muda gani, kadi unayo? Kuuliza si ujinga, tulifundishwa hivyo tukiwa watoto. Wapo wanaokasirika. Mmoja alinyakua kitambaa chake akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na mpaka leo hanisalimii. Mwingine alishtuka, akasema vyake ni vya mwaka ambao hata haukumbuki, akaenda kliniki siku ileile. Mwingine alinicheka akasema, "Fundi, kumbe nawe umo?" nikamnyooshea wangu apapase.

Mwaka na nusu ulipita. Mchana mmoja wa kiangazi nilisikia ile sauti ya kuanzisha nyimbo kabla sijamwona mwenyewe. Mama alikuwa amebeba mtoto wa kike kiunoni, mwenye miezi kama saba, anayetafuna ncha ya kanga. Nyuma yake alikuwa mkamwana, amejaa mashavu, ile gomesi ameikunja mkononi.

"Fundi," mama akasema, "leo nimekuja kwa ugomvi. Tangu ile harusi nasema, huyu fundi anajua kushona kila kitu ila mikono. Angalia! Mtu anapotea humu ndani."

Nilimtazama mkamwana, naye akanitazama, na safari hii hakuangalia chini.

"Niliwaambia usiku wa Jumanne ileile," akasema. "Mume wangu na mama, wote wawili."

"Siku mbili sikusema naye," mama akadakia. "Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Halafu nikaona nina hasira na mtoto aliyekunywa mizizi yangu bila kukataa. Wazee walipokuja Krismasi wakakuta nimepika. Nikawaambia kuleni, kikao hakuna."

"Mbona hukuja?" nikamwuliza binti.

"Nilikuwa nimekukasirikia."

"Na sasa?"

"Bado kidogo," akasema, akacheka, akaninyooshea mkono wa kushoto.

Nikazungusha futi. Kidole gumba kikatua pale pale pa siku zote. Lilikuwapo kovu dogo, na kando yake kitu chembamba. Nikafungua mdomo niulize, lakini alinitangulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, mama mkwe wake akiwa ameegemea cherehani yangu.

"Kimoja," akasema. "Miaka mitatu. Huyu atembee kwanza, akue. Kadi anayo mama."

Mama akanipa mtoto nimshike, akafungua mkoba, akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Kadi ilikuwa humo katikati, imenyooka, pembe zake hazijakunjika. "Huyu hupoteza," akasema, akairudisha mahali pake, akamchukua tena mtoto.

Niliifumua mikono ya gomesi mbele yao. Nikatoa vidole viwili kila upande, vilevile nilivyoviongeza, kisha nikalifungua kopo la biskuti na kuvitandaza vile vipande kando ya vilivyotoka. Mkamwana aliviona akavitambua. Vyote pamoja vilitosha gauni la mtoto. Nilichukua chaki nichore, na nilipofika kwenye mikono nikasimama, nikawauliza wanaitaka mipana kiasi gani.